Viazi vya Kula Si Mbegu

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa hapa Kasumulu, leo nina neno moja tu: tuache kuuziana viazi vya kula kwa jina la mbegu.

Kila msimu ni yale yale. Viazi mviringo vinashuka kutoka Mbeya na Rungwe. Vikubwa vinakwenda kwenye chipsi. Vidogo vilivyobaki chini ya gunia vikianza kuchipua, vinabadilishwa jina, vinaitwa mbegu. Mwenye shamba milimani, Rungwe au Ileje, anavinunua kwa bei ya kutupa na kupanda navyo.

Umewahi kujiuliza kwa nini kiazi kile ni kidogo? Mara nyingi ni mtoto wa shina lenye virusi, maana shina gonjwa huzaa vidogo. Mkulima anauza vikubwa, anabakiza vidogo, msimu ujao anavirudisha ardhini. Yaani tunauza afya, tunapanda ugonjwa! Mavuno yakishuka tunalaumu udongo.

Kibaya zaidi ni mnyauko bakteria. Kiazi kilicholimwa kwenye baridi kinaweza kuubeba bila dalili yoyote. Kikipandwa penye joto zaidi, shina linanyauka mchana likiwa bado kijani, kisha linakufa. Hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Maji ya mvua yanaupeleka kwa jirani wa chini yako, na udongo unabaki nao kwa misimu mingi.

Wafanyabiashara mnaniambia, "Mimi nauza tu, mteja anajua mwenyewe." Hapana. Mteja amekuamini. Kama hujui gunia limetoka shamba gani, liite viazi vya kula. Mbegu ina wenye kazi ya kuithibitisha, TOSCI. Na anayevusha viazi Mto Songwe kwa kukwepa ukaguzi wa afya ya mimea anaweza kuvusha ugonjwa pia, upande huu au ule.

Wakulima nanyi mnasema mbegu bora ni ghali na haipatikani kirahisi. Hilo ni kweli, sibishi. Lakini ekari moja inameza magunia manane hadi kumi ya kilo 100. Yakinyauka, umepoteza mbegu, mbolea, vibarua na msimu mzima. Kipi ghali hapo?

Fanya hivi:

1. Changeni watu wachache, mnunue gunia moja la mbegu iliyothibitishwa. Ulizeni TARI Uyole pa kuipata. Lipandeni kwenye kishamba kisafi, mzalishe mbegu yenu.

2. Shamba likichanua, weka vijiti kwenye mashina yenye afya kuliko yote. Vuna hayo peke yake, hiyo ndiyo mbegu. Shamba lenye mnyauko usitoe mbegu kabisa, hata kiazi kimoja.

3. Ukiona shina limenyauka, kata kipande karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Vikishuka vijiuzi vyeupe kama maziwa baada ya dakika chache, ni bakteria. Ng'oa shina na viazi vyake, uvitoe shambani.

4. Zungusha mazao: mahindi, ngano au shayiri, angalau misimu mitatu. Usipande nyanya, biringanya, pilipili wala tumbaku, hao ni ndugu wa kiazi na mnyauko unawapata. Maotea yang'oe yote.

Na ninyi wa bondeni Kyela mnaoniuliza kama mjaribu viazi mviringo: kiazi hiki kinataka usiku wa baridi. Joto letu litakupa majani mengi na viazi vya kuhesabu. Bonde hili ni la mpunga na kakao. Viazi tuviuze, tusivipande.

Wiki hii, kabla hujalipa, muulize muuzaji: mbegu hii imetoka shamba la nani? Akibabaika, nenda kavipike.