Maradhi sugu Bomet: Mwili watibiwa, akili yasahaulika

KIFO cha aliyekuwa Gavana wa Bomet, Dkt Joyce Laboso, mnamo Julai 29, 2019, kiliitikisa nchi kuliko takwimu zozote za Wizara ya Afya.

Siku tatu kabla yake, saratani ilikuwa imemwondoa Mbunge wa Kibra, Ken Okoth. Mwanzoni mwa mwezi huo huo, ilikuwa imemchukua Afisa Mkuu Mtendaji wa kampuni ya Safaricom, Bob Collymore. Sauti zikapazwa kila pembe zikitaka saratani itangazwe kuwa janga la kitaifa.

Mjadala uliofuata ulihusu mashine za tiba ya mnururisho, bei ya dawa na uhaba wa madaktari bingwa. Yote hayo yalistahili kusemwa. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo halikupewa nafasi: Mtu anayeishi na maradhi kwa miezi na miaka, asiyepata usingizi usiku na ambaye matumaini yake yanayeyuka kila uchao, anatibiwa na nani?

Miaka imepita, na swali hilo lingali linasubiri jibu katika vilima vya majani chai vya Bomet na Kericho.

Bomet ina nafasi ya pekee katika ramani ya saratani. Kaunti hiyo imo katika ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huwapata watu wengi kupita kiasi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Hospitali ya Tenwek, iliyoanza kama kituo cha wamishonari katika miaka ya 1930, uliorodhesha wagonjwa 109 wa saratani hiyo waliokuwa na umri wa miaka 30 au chini. Katika sehemu nyingi za dunia, huo ni ugonjwa wa wazee.

Wataalamu hawajakubaliana kuhusu chanzo. Baadhi wameyachunguza maziwa ya mursik, wengine pombe na tumbaku, na wengine wakataja urithi wa kifamilia. Mwaka 2016, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulisema kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio.

Katika eneo ambalo chai ndiyo riziki na ndiyo kinywaji cha kila mgeni, habari kama hizo hazibaki maabarani. Mgonjwa huanza kujishtaki. Hujiuliza ni kikombe kipi, ni kibuyu kipi, na iwapo watoto wake wamerithi adhabu hiyo. Lawama anazojitwika humwelemea kabla hata dawa haijaanza.

Isitoshe, ugonjwa wenyewe humnyima mtu kile kinachomuunganisha na wenzake. Kwanza ugali hukataa kushuka, kisha uji, mwishowe hata mate. Mzee aliyezoea kuketi mezani na jamaa zake hujitenga ili asionekane akitapika. Harusini haendi, matangani haendi. Watu husema amekuwa mkimya, kumbe anazama.

Tenwek imejulikana kwa kuwawekea wagonjwa wa aina hii mrija wa chuma unaojitanua ndani ya umio. Mrija huo hauondoi saratani. Unachofanya ni kumwezesha mgonjwa kumeza tena, ili siku alizobakisha azile pamoja na watu wake.

Hapo ndipo lilipo funzo. Madaktari walikubali kwamba kuna mafanikio yasiyopimwa kwa kupona, bali kwa namna mtu anavyoishi. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, ilikuwa imeshatamka kwamba afya ni ustawi wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kutokuwepo kwa ugonjwa tu. Kama umio unaweza kufunguliwa ili mtu aishi vyema, mbona moyo uliojifunga kwa majonzi hauulizwi lolote?

Saratani si maradhi ya pekee katika hesabu hii. Wapo vijana ambao vali za moyo ziliharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Anayewekewa vali ya chuma hulazimika kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Akikosa dozi, damu inaweza kuganda; ikizidi, anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani.

Wapo pia wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu, ambao kila mlo na kila safari ni hesabu. Watu hao huambiwa wako sawa ilmuradi vipimo vyao vimetulia. Hofu ya kila siku haina safu katika kadi ya kliniki.

Sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka na inayomwondolea mtu hamu ya kila kitu, huwapata wenye maradhi sugu kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine. Sera ya Afya ya Akili ya Kenya ya 2015 hadi 2030 inanukuu makadirio kwamba hadi asilimia 25 ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na hadi asilimia 40 ya wanaolazwa, wana matatizo ya afya ya akili.

Kwa nini basi hawaonekani? Sababu moja ni kwamba dalili hufanana. Kupungua uzani, uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula ni dalili za saratani, na pia ni dalili za sonona. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni huona uvimbe, akaufanya kuwa jibu la kila kitu.

Matokeo yake si machozi tu. Mgonjwa aliyekata tamaa huacha dawa, hukosa miadi, na hurudi hospitalini hali ikiwa mbaya zaidi. Fedha zilizotumiwa kumtibu mwili hupotea kwa sababu hakuna aliyeitazama akili.

Uchumi wa majani chai huongeza uzito wa mzigo huo. Mkulima mdogo hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka kiwandani, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Kibarua wa mashamba makubwa naye hutegemea nguvu za mikono yake. Mchumaji akiugua, mapato hushuka siku ile ile gharama zinapopanda.

Mwaka 2025, wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, wa Bomet na Kericho wakiwemo, walighadhabishwa na bonasi waliyoiona kuwa ndogo mno ikilinganishwa na ya wenzao wa mashariki. Kwa familia yenye mgonjwa, bonasi hiyo ndiyo nauli ya kwenda Nakuru, Eldoret au Nairobi kutafuta tiba. Mgonjwa anayejiona kuwa ndiye aliyekausha mfuko wa nyumba hujiona mzigo, na wazo hilo ni hatari.

Sheria nayo ilikuwa kizingiti kwa miaka mingi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Nani angethubutu kumweleza muuguzi mawazo yanayoweza kumpeleka kizimbani?

Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ulikuwa uamuzi wa kihistoria. Lakini mahakama inaweza kuondoa hofu ya jela pekee. Haiwezi kumweka mshauri nasaha katika kila kliniki.

Kabla ya hapo, jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilikuwa limependekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikafanyiwa marekebisho, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizo karibu na wananchi.

Kwa hivyo, upungufu si wa karatasi. Sera ipo, sheria ipo, na ripoti zipo. Kinachokosekana ni daraja kati ya karatasi hizo na benchi analoketi mgonjwa wa kisukari akisubiri kupimwa sukari.

Wapo watakaosema kwamba hospitali zinazokosa dawa za maumivu haziwezi kuanza kushughulikia huzuni. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa madaktari wa akili nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Lakini inasimama tu ikiwa kila huzuni inahitaji daktari bingwa, jambo ambalo si kweli.

Ushahidi uko jirani. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, eneo lililokuwa limeumizwa vibaya na Ukimwi, wenyeji wasio madaktari walipewa mafunzo ya kuongoza vikundi vya mazungumzo kwa watu wenye sonona. Matokeo yaliyochapishwa mwaka uliofuata yalionyesha kwamba walioshiriki walipata nafuu kubwa kuliko wasioshiriki.

Nchini Zimbabwe, mpango ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda huwatumia nyanya waliofunzwa kusikiliza, wakiketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilithibitisha kwamba njia hiyo hupunguza dalili za sonona.

Hata Kericho kwenyewe kuna mfano. Utafiti ulioanza mwaka 2003 uliwafuatilia wafanyakazi wa mashamba ya chai na jamaa zao kuhusu virusi vya Ukimwi. Tangu mwaka 2013, kliniki za eneo hilo zimekuwa miongoni mwa 12 za Kenya, Uganda, Tanzania na Nigeria zilizoshiriki utafiti wa muda mrefu ambao, pamoja na kupima damu, uliwauliza washiriki kuhusu dalili za sonona.

Mapambano dhidi ya Ukimwi yalifundisha kwamba dawa bila ushauri nasaha ni nusu ya tiba. Mwenye virusi alipewa mtu wa kuzungumza naye na kikundi cha kumshika mkono. Mgonjwa wa saratani au wa moyo hakupewa. Na baada ya Marekani kusimamisha misaada Januari 2025, maelfu ya wahudumu wa mipango ya Ukimwi nchini walipoteza ajira, na mfano huo mzuri nao ukatikiswa. Kutegemea mfuko wa mgeni kwa jambo la msingi kama hili ni kujenga juu ya mchanga.

Kaunti tayari ina watu wa kuanzia nao. Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, waliopewa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Wahudumu hao huingia nyumbani, huketi na mgonjwa, na wanazijua lugha na shida zake.

Kuna maswali mawili yanayotumiwa kote duniani kama kipimo cha kwanza. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejihisi mwenye huzuni au usiye na matumaini? Maswali hayo hayagusi uzani wala uchovu, hivyo hayachanganywi kwa urahisi na dalili za ugonjwa wa mwili. Wala hayahitaji betri.

Lakini kuuliza bila mahali pa kumpeleka aliyejibu ndiyo ni kumwongezea majeraha. Ndiyo maana Hospitali ya Rufaa ya Longisa na zile za kaunti ndogo zinahitaji siku maalumu za ushauri ndani ya kliniki za maradhi sugu, wala si katika chumba kilichotengwa ambacho kila anayekiingia hunyooshewa kidole.

Aidha, kuna suala la malipo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina kifurushi cha saratani na mfuko wa maradhi sugu. Ikiwa bima inalipia upasuaji wa umio, ingefaa pia kuhesabu mazungumzo na mshauri kuwa sehemu ya matibabu hayo hayo, badala ya kuyafanya gharama nyingine mlangoni mwa mgonjwa.

Bunge la Kaunti ya Bomet, ambalo hupitisha bajeti kila mwaka, ndilo lenye uwezo wa kuigeuza sheria ya 2022 kuwa mishahara ya washauri na mafunzo ya wahudumu. Wapigakura nao wana haki ya kuuliza ni shilingi ngapi zilizotengewa kazi hiyo, kama wanavyouliza kuhusu barabara na bei ya majani chai.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2019 taifa liliomboleza viongozi waliouawa na saratani. Wanaoishi na maradhi sugu vijijini hawatangazwi redioni. Wengi wao hawatapona, na hakuna bajeti inayoweza kubadili hilo. Kinachoweza kubadilishwa ni kama siku zao zitapita katika upweke, au watakuwa na mtu wa kuwauliza wanaendeleaje na kungoja kulisikia jibu.