Mchora Picha Asiye na Shule

Wako watu kwetu Ugogo wasemao ya kuwa kuchora picha ni mchezo wa watoto. Na mtu akitaka kuitwa mchoraji, na aende shule kwanza. Maneno haya twayakataa.

Mhunzi akituletea jembe hatumwulizi alifundishwa na nani; twatazama kama jembe lalima. Mbona kijana akichora mbuyu, na tembe, na ng'ombe warudio jioni katika vumbi, twamdai cheti?

Tuanze karibu. Huko Kolo, katika wilaya ya Kondoa, miamba ina picha za watu na wanyama, zilizochorwa na watu wa kale wasiojua shule. Mwaka 1951 Mary Leakey alikwenda kuzinakili, na mwaka 2006 UNESCO iliziandika katika Urithi wa Dunia. Je, huo nao ni mchezo wa watoto?

Tena tumfikiri Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akawa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam. Shule ya kuchora hakuiona. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Kazi yake ilidumu miaka minne tu. Lakini wanafunzi wake waliiendeleza, na hata leo picha za namna ile zaitwa kwa jina lake. Wageni walipokuwa wakinunua, sisi tulikuwa wapi?

Hatuidharau shule. Sam Ntiro alisoma Makerere, akachora maisha ya mashambani kwao Uchagani. Lakini shule humwongoza mwenye macho; haimpi macho.

Basi, hasara ni yetu. Nyumba za tembe zapungua, mabati yaongezeka. Kesho mtoto atauliza tembe ilikuwaje. Nani atamwonyesha, ikiwa mchoraji tumemvunja moyo? Mzazi asimpige mtoto achoraye kwa mkaa ukutani, ampe ubao. Na anunuaye picha asiseme, "Hukusoma, nipunguzie." Alipe kama alipiavyo jembe.