Breki Izamayo Polepole: Dalili za Silinda Kuu Inayovuja

Barabara itokayo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kwenda mjini Mbarara huanza kwa vumbi na kuishia kwa lami. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mazao yao hufika sokoni kwa magari, na kati ya magari hayo pikapu kuukuu zina sehemu yake: mahindi na maharage chini, abiria juu ya magunia, na vilima mbele.

Dereva mmoja, mtu mzima, aliingia Mbarara na pikapu ya namna hiyo. Kila alipotaka kusimama ilimbidi akanyage breki mara mbili. Fundi kijana alimwuliza kama mafuta ya breki yamepungua.

"Hayakupungua hata kidogo, fundi. Ndiyo maana nikaona si kitu."

"Hapo ndipo ulipokosea, mzee," akajibu fundi.

Kosa la mzee huyo ni la wengi. Hudhani kwamba kopo likijaa mafuta, breki ni nzima. Yafaa basi ieleweke silinda kuu hufanya kazi gani. Mguu ukanyagapo pedali, pistoni husukumwa ndani ya silinda hiyo, na mafuta, kwa kuwa hayashindiliki, hupeleka nguvu kwenye magurudumu yote. Kinachozuia mafuta yasirudi nyuma ni vikombe vidogo vya raba vilivyo juu ya pistoni. Raba ikichakaa, au ukuta wa silinda ukiliwa na kutu, mafuta huponyoka. Huponyoka kwa njia mbili: kwenda nje, ambako huonekana, au kuvipita vikombe humo humo ndani, ambako hayaonekani wala hayapungui.

Uchunguzi hauhitaji vyombo vya thamani. Gari lisimamishwe mahali tambarare, injini izimwe, na mawe yawekwe kwenye magurudumu. Kwanza litazamwe kopo la mafuta. Yakiwa chini ya alama, isidhaniwe mara moja kwamba yanavuja, kwani hushuka kidogo kidogo kadiri pedi za mbele zinavyolika. Yakishuka upesi, yako yanakotoka. Yachunguzwe mabomba, mipira yake na upande wa ndani wa kila gurudumu.

Pili, kidole kipitishwe chini ya silinda kuu, pale inapoungana na busta. Unyevu mahali hapo, au rangi iliyobabuka, ni ushahidi, maana mafuta ya breki hula rangi. Wakati mwingine mafuta huingia ndani ya busta bila tone kuanguka chini. Fundi akifungua nati za silinda na kuivuta mbele kidogo kwa uangalifu, asipinde mabomba, ataona kama nyuma yake kumelowa.

Tatu ni jaribio la mguu. Injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha ishikiliwe kwa nguvu ndogo isiyobadilika kwa muda wa nusu dakika. Ikisimama imara, ni vyema. Ikizama polepole, na nje hakuna pavujapo, silinda kuu inavuja ndani. Injini ikiwashwa mguu ukiwa juu ya pedali, pedali itashuka kidogo na kusimama: huo si ubovu, ni busta inafanya kazi. Pedali inayobonyea kama sifongo aghalabu huashiria upepo ndani ya mabomba. Fundi akitaka hakika huziba matundu ya silinda yanakotokea mabomba. Pedali ikizama bado, mkosaji amepatikana. Ikiwa ngumu, atafute mbele zaidi.

Mafuta yenyewe nayo huzeeka, kwa sababu hunyonya maji kutoka hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakiisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo hicho hushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu wenye mzigo mzito, tofauti hiyo yaweza kuwa uhai wa watu. Tena maji hayo ndiyo huleta kutu ndani ya silinda.

Raba mpya hufaa tu kama ukuta wa silinda ni laini. Ukiwa na vishimo, ibadilishwe silinda nzima, kisha upepo utolewe. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe katika kopo la breki, maana huvimbisha raba na kuharibu mfumo wote. Na nyumbani, mafuta ya breki ni sumu: yasiwekwe katika chupa ya soda mahali ambapo mtoto atayafikia.

Pikapu ya yule mzee ilipofunguliwa, silinda ilikutwa na vishimo vya kutu. Mzee aliomba arudi Nakivale jioni ile ile, kwa kuwa abiria walikuwa wakimngoja.

"Kesho, mzee," akasema fundi, funguo zikiwa mfukoni mwake. "Hao wanaokungoja ndio nisiotaka wapande leo."

Gari likalala gereji, abiria wakatafutiwa usafiri mwingine. Mzee alinung'unika, lakini alikubali. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na ufa wa breki haumngoji mtu apate nafasi ya kujenga.