Nondo Anayejijengea Nyumba Majini

Jioni taa ikiwashwa, nondo huja kuizunguka, nasi humfukuza kwa mkono bila kuuliza atokako. Leo tumwulize mmoja wao: yule mdogo mweupe, mwenye madoadoa ya hudhurungi mabawani, akaaye penye mabwawa na vinamasi. Wataalamu humwita Parapoynx stagnalis, jina alilopewa na Zeller mwaka 1852. Neno stagnum kwa Kilatini ni maji yaliyosimama. Basi jina lake ndilo makao yake.

Jike hutaga mayai chini ya jani lililolala juu ya maji. Baada ya siku chache hutoka viwavi, na hapo ndipo ilipo ajabu. Viwavi wengi wakitumbukia majini hufa. Huyu ana nyuzi mbavuni zinazomwezesha kupumua majini, kama matamvua ya samaki. Hukata ncha ya jani la mpunga, akaikunja na kuifunga kwa hariri yake, ikawa bomba dogo. Humo hukaa na maji kidogo, huelea kama mtu mtumbwini, na usiku hupanda mche pamoja na nyumba yake ili ale.

Lakini ajabu hii ina hasara. Watu wa Kingi wanayajua mabonde yenye maji baina ya milima ya Masisi, na wakishuka Walikale huona mpunga. Mpunga wa nchi kavu hauguswi, kwa maana kiwavi huyu hawezi kuishi pasipo maji. Bali palipo na maji yaliyosimama, miche michanga hubaki na majani meupe, yaliyokatwa kama kwa mkasi.

Mkulima afanyeje? Asikimbilie kumwaga sumu katika maji ambayo pengine jirani huyachota. Tena sumu hiyo huwaua buibui na kerengende wawindao nondo. Afungue mfereji, alikaushe shamba siku 2 au 3: kiwavi akikosa maji hufa. Mpunga ukiwahiwa mapema huchipua tena.

Nanyi wanafunzi, mpitapo bondeni, tazameni kama vibomba vya majani vinaelea pembeni mwa shamba. Mkiviona, mwambieni baba au mama siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.