Mtu wa Wastani Hajawahi Kuzaliwa

Nimechoka na huyu "mtu wa kawaida". Kila sera ni yake, kila kiti ni chake, kila mtaala ni wake. Ni nani huyo? Anaishi mtaa gani? Nani amewahi kumpa mkono?

Hakuna. Hayupo. Na wewe unaendelea kulipa gharama zake.

Mzazi wake tunamjua. Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtaalamu wa nyota, alizoea kutafuta wastani wa vipimo vya angani ili kupunguza makosa ya watazamaji. Mwaka 1835 akachapisha kitabu kilichowageuzia binadamu hesabu hiyohiyo. Mtu wa wastani, kwake, ndiye kielelezo. Kila anayeachana naye ni kosa la maumbile. Kosa! Wewe, mimi, mama zetu: makosa. Vidole vya mkono mmoja havilingani, yeye akataka watu walingane.

Kipimo kile cha uzito na kimo unachofanyiwa kliniki, BMI, mzizi wake ni hesabu ya Quetelet. Hakuwa daktari. Alikuwa akichunguza umati, hakuwa akimtibu mgonjwa. Leo namba hiyo inakuhukumu wewe mmoja.

Sasa sikiliza yaliyotokea Marekani. Mwaka 1950 jeshi la anga liliwapima marubani zaidi ya 4,000. Luteni kijana, Gilbert Daniels, akachukua vipimo vya marubani 4,063 akachagua kumi: kimo, kifua, shingo, kiuno, urefu wa mkono na vinginevyo. Wala hakuwa mkali. Aliyekaribia tu wastani alimhesabu kuwa wa wastani. Ni wangapi walikuwa wa wastani katika vyote kumi? Elfu? Mia? Kumi?

Hata mmoja.

Hata mmoja, msomaji! Na hawa walikuwa wanaume wa jeshi moja, waliokwisha kuchujwa kwa maumbo yao. Kiti kilichotengenezwa kumfaa rubani wa wastani kilikuwa hakimfai yeyote. Jeshi lilielewa, likataka viti vinavyosogezwa. Rubani akibanwa, ndege huanguka, na ndege ni ghali.

Sisi tukibanwa, nani anahesabu hasara?

Wanawake wanaijua. Kwa miongo mingi magari yalijaribiwa kwa sanamu yenye umbo la mwanamume wa wastani, kimo sentimita 175, uzito kilo 78. Mkanda ule, kiti kile, usukani ule, vyote vilimngoja yeye. Ajali ikitokea, aliyeketi pale ni mama mfupi mwenye mimba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliobuni kitanda hiki hawakukilalia.

Lakini kinachonikera kuliko vyote ni shule. Mtoto mmoja amepata 95 Hisabati na 5 Kiingereza. Mwenzake 50 na 50. Wastani wao ni mmoja, 50, na kwa wastani huo watapangiwa nafasi moja. Wa kwanza ana kipaji kinachowaka na shimo linalohitaji mwalimu. Vyote viwili vimefutwa kwa kugawanya kwa mbili! Kipaji hakionekani, shimo halionekani, na mzazi anaambiwa mwanawe ni "wa kawaida".

Nawe unatikisa kichwa, unasaini ripoti, unarudi nyumbani kumgombeza mtoto. Umelala! Unamjua mwanao tangu tumboni. Unajua anachokishika upesi na kinachomtoa jasho. Iweje namba moja ikunyamazishe?

Wastani una kazi yake: kuhesabu magunia ya mahindi ya wilaya, kukadiria mvua ya msimu. Kumpima mtu mmoja si kazi yake, haijawahi kuwa.

Basi muhula huu ukiitwa shuleni, usikubali kuonyeshwa wastani peke yake. Dai alama za somo moja moja. Uliza mwalimu atafanya nini na ile 95, na atafanya nini na ile 5. Usisaini mpaka ujibiwe.