Bihawana: Utalii wa Zabibu Umnufaishe Mkulima

Historia ya zabibu mkoani Dodoma haisimuliwi bila kuitaja Bihawana, eneo lililopo nje kidogo ya jiji, ambako wamisionari wa Kanisa Katoliki walianza kupanda mizabibu katika miaka ya 1950. Mgeni anayefika huko hukuta mashamba yaliyostawi katika ardhi ya nusu ukame, ambako mkulima mwenye maji ya umwagiliaji huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Hata hivyo, neema hiyo ina changamoto yake. Zabibu huharibika siku chache baada ya kuchumwa, hivyo mkulima asiye na soko la uhakika hulazimika kukubali bei ya mnunuzi. Usindikaji wa mchuzi wa zabibu karibu na shamba humpa nafasi ya kusubiri bei nzuri, nao utalii humletea mnunuzi hadi mlangoni.

Kwa msingi huo, mafanikio ya utalii wa zabibu yapimwe kwa kipato kinachobaki kijijini, si kwa wingi wa wageni pekee. Vinginevyo, Bihawana itabaki na jina, na faida itavunwa kwingine.