Lipa Fundi Apime, Si Abahatishe

Niseme tu wazi, na najua kuna watu hawatafurahia: shida kubwa ya vani zetu za kisasa si sensa. Ni vile tunakimbilia kununua sensa.

Na kabla mtu aniulize mambo ya kuhesabiwa usiku, si sensa hiyo. Naongea juu ya kile kidude cheusi kimebandikwa nyuma ya kioo cha mbele, pale juu karibu na kioo cha kuangalia nyuma. Ndicho huambia gari mvua imeanza, piga waipa. Giza limeingia, washa taa. Kazi mbili, kidude kimoja.

Kama vani yako haina hiyo kitu, subiri. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Japani nayo, kuanzia Aprili 2020, ililazimisha modeli mpya za magari ya abiria kuja na taa zinazojiwasha zenyewe. Jumlisha hizo mbili uone tunaelekea wapi. Hivi vidude vinakuja, na vikianza kusumbua tutavipeleka kwa fundi yuleyule, na tabia zilezile.

Sasa sikiliza vile hii kitu inafanya kazi, kwa sababu hapo ndipo pesa yako inaokolewa. Upande wa mvua una vitaa vidogo vinavyorusha mwanga usioonekana kwa macho, unaingia kwenye kioo kwa mshazari. Kioo kikiwa kikavu, mwanga unagonga ule uso wa nje na kurudi. Tone la maji likikaa pale nje, sehemu ya mwanga inatorokea kwa hilo tone. Kidude kinaona mwanga uliorudi umepungua, kinaambia gari: mvua hiyo.

Umeona? Sensa haijui mvua. Inachojua ni kioo. Na ndiyo maana kati yake na kioo kuna pedi ya jeli safi kabisa, inayopaswa kushika bila hata kiputo kimoja cha hewa. Hewa ikiingia hapo, mwanga unapotea njia. Gari inaweza kupiga waipa jua likiwaka, ama ikakaa kimya mvua ikinyesha. Na sensa yenyewe haina makosa yoyote.

Binamu yangu anasambaza maziwa kwa vani, Limuru hadi Nairobi, anatoka alfajiri. Jiwe likapasua kioo, akawekewa kingine. Wiki hiyohiyo waipa zikaanza kupiga kioo kikavu mchana kweupe. Fundi wa kwanza akasema sensa imekufa. Ikanunuliwa nyingine, shilingi 18,000, na waipa zikaendelea tu. Fundi wa pili akataka kukata waya, "uendeshe kienyeji." Fundi wa tatu hakufungua kitu. Aliuliza swali moja: "Hiki kioo kilibadilishwa lini?" Akaenda nje, akamulika kioo kwa tochi, akamwonyesha viputo vimejaa kwenye jeli. Walioweka kioo walirudisha jeli ya zamani, yenye vumbi. Pedi mpya, saa moja haikuisha, kazi imekwisha.

Rahisi sana kusema fundi wa kwanza ni mwizi. Mimi sisemi hivyo. Huyo jamaa anafanya kile sisi wateja tunamlipa afanye. Jaribu kuwa fundi umwambie mteja, "Nitakutoza 2,000 niangalie shida iko wapi." Utasikia, "Kuangalia pia ni pesa?" Lakini mwambie, "Tunabadilisha sensa," atatoa simu atume pesa, kwa sababu anaona kitu cha kushika mkononi. Tunalipia chuma, hatutaki kulipia akili. Fundi naye ana watoto wa kulisha. Atakuuzia chuma.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: lipa fundi apime, kwa bei mliyokubaliana kabla, hata kama mwishowe hakuna kitu kitabadilishwa. Kisha dai upimaji wa kweli, kwa mpangilio:

1. Kitu cha kwanza ni swichi. Iko kwenye otomatiki? Kuna magari ambayo ukizima injini, lazima uitoe na kuirudisha ndipo sensa iamke. Kuna wengine wamelipa fundi kwa sababu ya hii tu.

2. Kisha kioo kwa nje. Osha pale mbele ya sensa. Angalia kama kimepigwa jiwe hapo, ama waipa zimeisha raba zinaacha michirizi ya maji. Angalia stika pia. Vani zetu zimebandikwa stika kila mahali, na ikikaa mbele ya sensa umeifunga macho.

3. Mulika jeli kwa tochi ukiwa nje. Inafaa ionekane sawa kote. Viputo, vumbi au kona iliyobanduka, mshukiwa wako huyo.

4. Funika sehemu ya sensa na kitambaa kizito cheusi, swichi ya gari ikiwa imewashwa na taa ziko otomatiki. Subiri kidogo. Taa zikiwaka na mvua ndiyo inasumbua, basi kidude kina umeme na kinaongea na gari. Rudi kwa kioo na jeli. Zote mbili zikikufa pamoja, sasa nenda kwa fyuzi na waya.

5. Waya ni kwa mita, si kwa macho. Magari mengi yana waya tatu hapo: umeme, athi na ule wa mawasiliano. Umeme ufike kama volti 12, athi iwe safi. Angalia plagi pia. Kioo kilichobandikwa vibaya huvuja, maji yanashuka polepole mpaka pini zinaota kijani.

6. Mashine ya kusoma kodi iko sawa, lakini ijue. Ikisema sensa haijibu, hiyo inaweza kuwa fyuzi, waya, plagi ama sensa. Kodi inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba.

Ukipitia zote na bado, hapo sasa nunua. Hakikisha namba ya kifaa inaendana na gari, weka jeli mpya, na uulize kama gari yako inahitaji sensa itambulishwe kwa kompyuta. Magari mengi yanahitaji, na sensa nzima kabisa inaweza kukaa hapo kama bubu.

Kuna wale wataniambia, "Bro, toa hiyo kitu. Wazee wetu waliendesha na mikono." Ni kweli, na dereva yeyote mzuri anafaa kujua kuwasha taa zake bila kusaidiwa. Lakini mtu ameendesha miezi 6 akijua taa zinajiwasha, mkono wake umesahau. Ukimkatia waya bila kumwambia, siku ya ukungu Limuru atakuwa barabarani bila taa za nyuma, lori liko nyuma yake, na yeye anadhani anaonekana. Kama lazima kizimwe, kizimwe vizuri kwa swichi, na kila anayeendesha hiyo vani aambiwe. Kukata waya kimyakimya si kutengeneza gari. Ni kumwachia mtu mwingine ajali.

Wenye vani, tuache kuuliza "ni pesa ngapi kubadilisha?" kabla hatujauliza "umejuaje ndiyo hiyo?" Fundi anayeweza kujibu hilo swali la pili, huyo mlipe vizuri na usimpoteze namba. Asiyeweza, msalimie na uende zako na pesa yako mfukoni.

Na mafundi, nawaomba: andikeni bei ya kupima ukutani, herufi kubwa. Tutanung'unika mwezi wa kwanza. Tutazoea.